Kilimo bila udongo (3): Mche unapopauka kwenye kokopiti

Katika makala mbili zilizopita tulieleza jinsi ya kuandaa kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, na kusia mbegu kwenye trei. Leo tujibu swali linalowasumbua wengi wenye vitalu vya nyanya na hoho: mbolea imetiwa, maji yapo, mbona miche inageuka njano?

Wengi hukimbilia kuongeza mbolea. Kwenye udongo huenda ukabahatika, lakini kwenye kokopiti unaweza kuimaliza miche yote, kwa sababu mara nyingi tatizo liko kwenye makumbi yenyewe.

Vumbi la makumbi ya nazi lina potasiamu na sodiamu kwa wingi, hasa kama makumbi yalilowekwa kwenye maji ya chumvi, kama wafanyavyo wasokota kamba wa Zanzibar wanaoyafukia ufukweni kwa miezi kadhaa. Madini hayo hung'ang'ania kwenye chembe za makumbi. Ukimwagilia maji yenye kalsiamu na magnesiamu, chembe huzinasa hizo na kuachia potasiamu na sodiamu. Matokeo yake, kalsiamu uliyoipima kwenye ndoo haifiki yote kwenye mzizi, na potasiamu iliyoachiwa inauzuia mzizi kufyonza magnesiamu ya kutosha.

Sasa tuusome mche. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo anza na majani ya chini. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mche huzitoa kwenye majani ya zamani ukayalisha machanga. Jani la chini likipauka lote, mishipa pamoja na nyama yake, mche umekosa naitrojeni. Mishipa ikibaki kijani na katikati yake pakawa njano, ni magnesiamu. Rangi ya zambarau mgongoni mwa jani huashiria fosforasi, ingawa nyanda za juu baridi ya usiku nayo huileta. Kingo zilizoungua watu huzisoma kama njaa ya potasiamu. Kwenye kokopiti shuku kwanza chumvi iliyozidi.

Kalsiamu na chuma hazihami, kwa hiyo dalili zake huanzia kileleni. Jani changa lenye njano kati ya mishipa linadai chuma, na mara nyingi chuma kimo ila pH imepanda kupita 6.5, mzizi ukashindwa kukifyonza. Majani machanga yaliyojikunja na kukauka ncha yanadai kalsiamu. Ila yale majani mawili ya kwanza yaliyotoka na mbegu yakinyauka wakati mche una majani kamili, usihangaike. Yamemaliza kazi yake.

Kabla ya kutibu, pima. Mwagilia trei moja mpaka maji yachuruzike chini, yakinge kwenye sahani safi, kisha linganisha na yale uliyomwagilia. Tuseme mita ya EC, ile inayopima chumvi kwenye maji, inasoma 1.2 kwenye ndoo na 2.5 kwenye sahani: chumvi imejilimbikiza. Hapo mbolea ni sumu. Suuza kwa maji safi mpaka namba ishuke, halafu rudi na mbolea hafifu. Maji ya sahani yakisoma chini ya yale ya ndoo, miche inakula kuliko unavyoilisha. Pima na pH pia, ibaki kati ya 5.5 na 6.5.

Penye upungufu wa kalsiamu, gramu 1 ya kalsiamu naitreti kwa lita 1 ya maji inatosha miche. Magnesiamu hurudishwa kwa nusu gramu ya chumvi ya Epsom kwa lita. Mbolea hizi mbili zikikorogwa pamoja zikiwa nzito hugandiana zikawa jasi na kuziba mipira ya maji, kwa hiyo kila moja iwe na ndoo yake.

Rekebisha jambo moja tu kwa wakati, kisha subiri jani jipya. Lililokwishaungua halirudi kijani, na anayelitazama hilo ataendelea kutia dawa mche uliokwisha kupona.

Wiki ijayo: kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche shinani.