NYUMBA ZINAZOJIPASHA JOTO

Ukiambiwa kwamba huko Uingereza, nchi ya baridi kali, kuna nyumba ambazo karibu hazihitaji kuwashiwa moto wakati wa kipupwe, si utasema hizo ni porojo? La hasha! Mtaa huo upo kusini mwa London, huko Sutton, nao huitwa BedZED. Ulikamilika mwaka wa 2002. Kiwanja chenyewe kilihusika zamani na mambo ya maji taka, yaani mahali ambapo mtu angepita akiziba pua. Badala ya kuyala mashamba yaliyo nje ya jiji, msanifu Bill Dunster pamoja na shirika la makao la Peabody na lile la BioRegional walikifufua kiwanja hicho.

Hebu sasa niieleze siri yao. Si uchawi, ni fizikia ile ile ya kidato cha kwanza. Kuta zimewekwa kizuia joto chenye unene wa sentimita 30 hivi, na madirisha mengi yana vioo vitatu vitatu. Blanketi, kama ujuavyo, halitengenezi joto, hulizuia tu lisitoroke. Joto lenyewe hutoka kwa jua, jiko, taa na hata miili ya watu. Vyumba vya kuishi vinatazama kusini kwa sababu huko kwao jua la kipupwe hupita upande huo. Na ofisi je? Hizo zilipewa upande wa kaskazini, kivulini. Ofisi huwa na watu na mashine mchana kutwa, kwa hivyo ina joto lake tayari, na ikipigwa na jua itabidi ipozwe kwa stima. Isitoshe, mapaa ya ofisi hizo yakafanywa bustani za wenye nyumba. Hapo mimi niliwavulia kofia.

Lakini nyumba iliyozibwa hivyo si itanuka jasho? Juu ya paa kuna vipulizi vya rangi rangi vinavyogeuka kufuata upepo. Huingiza hewa safi na kutoa chafu, na ile inayotoka huipasha moto inayoingia bila kuchanganyika nayo. Feni hakuna. Vipimo vya mwaka wa 2003 vilionyesha kwamba joto la kupasha nyumba lilipungua kwa asilimia 88.

Fauka ya hayo, walitaka kujitengenezea stima na maji moto kwa mtambo wa kuchoma vipande vya mbao. Wapi! Mtambo ulisumbua sana, na kufikia mwaka wa 2005 ukaachwa. Ikabidi watumie gesi na kununua stima kama majirani zao, ukiacha ile ya paneli za jua. Wako wanaosema basi mradi mzima ni bure. Mimi siafikiani nao, kwani kuta na madirisha havikuharibika pamoja na mtambo, na hivyo ndivyo vinavyookoa joto jingi.

Jambo jingine ni la wenyeji. Mtaa mkuukuu ukirembeshwa, kodi hupanda na wanyonge hufukuzwa. Huko BedZED nyumba nyingine ziliuzwa, nyingine wakazi wakamiliki kwa ubia na shirika, na nyingine zikapangishwa kwa kodi nafuu. Wote hao huishi ukuta kwa ukuta.