Simu Imesasishwa, Apu ya Pesa Imegoma: Ufanye Nini?

Mamangu huuza nyanya na vitunguu Kayole. Siku tatu kwa wiki huamka saa tisa usiku ili afike Marikiti kabla bei haijapanda. Asubuhi moja alichagua kreti nne za nyanya, akabishana bei hadi wakaelewana, akatoa simu alipe. Apu ya pesa ikafunguka, ikakaa sekunde moja, ikajifunga. Akajaribu tena, ikajifunga tena. Juu ya skrini kulikuwa na ujumbe kwamba simu imesasishwa usiku, na mwingine mwekundu kutoka kwa programu ya kuzuia virusi: simu yako iko hatarini, bonyeza hapa.

Sokoni saa hizo hakuna anayekungoja. Kreti mbili ziliuziwa mtu mwingine mama akiwa bado anabonyeza. Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, akamwambia dawa ni moja tu: futa kila kitu kwenye simu, uanze upya. Bahati nzuri alinipigia kwanza.

Simu ile haikuwa imeharibika, na hakuna aliyekuwa ameiba kitu. Ni walinzi wawili waliogombana mlangoni, na mwenye nyumba akafungiwa nje. Jambo hili linawapata wateja wengi, na mara nyingi unaweza kulimaliza mwenyewe bila kulipa fundi.

Kwanza kabisa: pesa haiko ndani ya simu

Salio lako linakaa kwenye mitambo ya kampuni. Apu ni mlango tu wa kulifikia, na si mlango wa pekee. Upo mlango wa pili: ile namba fupi ya nyota na reli unayopiga, au menyu ya pesa iliyo ndani ya laini yako. Mlango huu haupitii kwenye apu na hauhitaji bando. Hata kabambe inautumia.

Nilichomwambia mama ni hicho tu. Akapiga namba fupi, akalipia kreti mbili zilizobaki, akawahi matatu ya kurudi. Simu tulitengeneza jioni, tumekaa chini, chai mkononi.

Kwa hivyo apu ikigoma, usianze kwa kufuta. Piga namba fupi uangalie salio. Likiwa sawa, shida ni ya simu na inaweza kungoja. Likiwa limepungua na wewe hukutuma kitu, hilo si suala la sasisho tena. Piga huduma kwa wateja mara moja, kwa namba unayoijua tangu zamani, si namba uliyotumiwa kwa SMS dakika tano zilizopita.

Mbona zinagombana?

Programu ya kuzuia virusi na majasusi haiwezi kufanya kazi yake ikiwa imekaa nje. Inaomba ruhusa nzito: kusoma kilicho kwenye skrini, kuonekana juu ya programu nyingine, kupitisha intaneti yako kwenye njia yake ya VPN, wakati mwingine hata kuwa msimamizi wa simu.

Sasisho la mfumo nalo linabadilisha sheria za nyumba. Mfano ni Android 13, iliyotoka 2022. Tangu hapo, programu iliyoingizwa kutoka nje ya Play Store inawekewa kizuizi isipewe kirahisi ruhusa ya kusoma skrini. Kama programu yako ya ulinzi ni ya zamani, haijui sheria mpya. Itaanza kukuomba ruhusa tena na tena, kurusha onyo kila dakika, au kukwama.

Wa tatu ni apu ya pesa yenyewe. Apu nyingi za pesa na za benki hukagua mazingira kabla hazijakuonyesha mahali pa kuweka PIN. Zikiona kuna programu inayosoma skrini au imejilaza juu yake, hujifunga, kwa sababu jasusi anayeiba PIN hutumia mbinu hizo hizo. Apu haiwezi kujua kama huyo aliyesimama begani mwako ni askari au ni mwizi. Inachoona ni kwamba kuna mtu begani.

Hata makampuni makubwa yamekutana na hili. Januari 2018, Microsoft ilipotoa sasisho la kuziba udhaifu ulioitwa Meltdown, iligundua kwamba baadhi ya programu za kuzuia virusi ziliifanya kompyuta izime ghafla. Ikabidi isiwapelekee watu sasisho hilo hadi programu yao ya ulinzi ithibitishe kwamba iko tayari. Halafu tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Kwa hivyo yakikupata Umoja au Dandora, usijilaumu.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio

Fanya moja, ujaribu apu, kisha uende kwa inayofuata. Ukifanya zote kwa pamoja hutajua ni ipi iliyosaidia.

1. Zima simu kabisa, uiwashe tena. Baada ya sasisho, simu huendelea kupanga mambo kwa muda. Ipe dakika kumi.

2. Fungua Play Store, usasishe apu ya pesa na programu ya kuzuia virusi. Mara nyingi ugomvi unaisha hapa, kwa sababu mmoja alikuwa bado anatumia sheria za jana.

3. Zima VPN ya programu ya ulinzi. Ukiona alama ya ufunguo juu ya skrini, ujue VPN iko kazini. Android hairuhusu VPN mbili kufanya kazi kwa wakati mmoja, kwa hivyo programu mbili za ulinzi zitanyang'anyana njia na intaneti itakatikakatika.

4. Nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya Ufikivu. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, neno la kutafuta ni Accessibility. Utaona orodha ya programu zinazoruhusiwa kusoma skrini. Zima ile ya kuzuia virusi, kisha ujaribu apu. Ikifunguka, umempata. Kama wewe hutumia programu ya kukusomea skrini kwa sababu ya macho, hiyo usiiguse.

5. Kwenye Mipangilio hapo hapo, tafuta ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Angalia pia programu za kupunguza mwanga usiku na zile za kusafisha simu. Hizo nazo hujilaza juu ya skrini.

6. Kama una programu mbili au tatu za kuzuia virusi, ondoa zote ubaki na moja. Fahali wawili hawakai zizi moja. Ikikataa kuondoka, inawezekana iliwekwa kuwa msimamizi wa simu. Ivue usimamizi kwanza kwenye sehemu ya usalama, kisha uiondoe.

7. Bado? Iwashe simu katika hali salama. Kwa simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuzima, kisha unashikilia neno la kuzima kwenye skrini hadi uulizwe. Katika hali hii programu ulizoweka mwenyewe hazifanyi kazi, hata yetu, lakini namba fupi inafanya kazi. Simu ikitulia hapo, ujue mkorofi ni mojawapo ya ulizoweka. Rudi kwenye hali ya kawaida, uondoe zile za karibuni moja baada ya nyingine.

Kufuta simu nzima ni hatua ya mwisho kabisa, na uhifadhi picha na namba za watu kwanza.

Ni ugomvi, au ni jasusi kweli?

Tusidanganyane: wakati mwingine apu inajifunga kwa sababu kweli kuna jasusi. Machi 2021, watafiti wa kampuni ya Zimperium walieleza kuhusu programu ya kijasusi iliyojiita sasisho la mfumo. Haikuwa Play Store; ilisambazwa kutoka nje. Mtu alidhani anasasisha simu, kumbe anamkaribisha mgeni asome ujumbe wake.

Kwa hivyo shika hili. Sasisho la kweli la mfumo linapatikana ndani ya Mipangilio. Haliletwi na linki ya WhatsApp, wala faili kutoka kwa rafiki, wala tangazo linalorukia skrini ukitazama mpira.

Dalili za kutiliwa shaka ni hizi: programu usiyokumbuka kuiweka, programu isiyo na alama yoyote kwenye skrini lakini iko kwenye orodha ya Mipangilio, programu ya "kusafisha simu" inayotaka kusoma SMS zako, na zaidi ya zote, yeyote anayekuambia uzime Play Protect ili programu yake iingie. Play Protect ni mlinzi wa Google ambaye amekuwa kwenye Android tangu 2017. Ukitaka ifanye ukaguzi, fungua Play Store, bonyeza picha ya akaunti yako, uchague Play Protect. Kwa watu wengi, huyo pamoja na masasisho ya mfumo wanatosha.

Ukishuku jasusi, usiweke PIN kwenye simu hiyo tena. Hamishia laini kwenye simu nyingine, hata kabambe, ubadilishe PIN kutoka huko, kisha upige huduma kwa wateja. Na ukimpelekea fundi simu, ondoa laini kwanza. Fundi anaweza kuhitaji kufungua skrini. PIN ya pesa haihitaji kamwe, hata awe ni binamu yako.

Kabla ya sasisho lijalo

Usiache kusasisha kwa sababu ya yaliyotokea. Tangu Agosti 2015 Google hutangaza marekebisho ya usalama ya Android mara kwa mara, na mengine yanaziba matundu ambayo wezi tayari wanayajua. Angalia tarehe ya sasisho lako la usalama kwenye sehemu ya Kuhusu Simu. Kama ni ya miaka miwili iliyopita na simu inasema haina sasisho jipya, huenda mtengenezaji ameacha kuihudumia. Simu kama hiyo itumie kwa muziki, na pesa uifanyie kwa namba fupi.

Ukiwa unasasisha, chagua siku ambayo hulipi mtu. Chaji betri, hakikisha kuna nafasi ya kutosha, tumia WiFi kama ipo. Sasisha programu zako kwanza, kisha mfumo, kisha urudi Play Store mara ya pili. Halafu fungua apu ya pesa ukiwa bado nyumbani.

Mama sasa husasisha Jumamosi jioni, akitoka kuuza, na Jumapili haendi Marikiti. Ile namba fupi ameiandika kwa kalamu nyuma ya kitabu chake cha madeni. Nilimwambia anaweza kuikariri tu. Akasema kitabu hakijawahi kusasishwa usiku.