Uchunguzi Kabla ya Ukarabati: Mwananchi na Majengo Makongwe ya Mji

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Jumba la Maajabu katika Mji Mkongwe wa Zanzibar iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo, lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, lilikuwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Serikali ya Oman. Sehemu yake nyingine ilikwisha kuanguka mwaka 2012. Hatuyataji haya ili kumtwika mtu lawama. Tunayataja kwa kuwa yanatukumbusha kwamba jengo kongwe laweza kuonekana limesimama imara, hali ndani limekwisha kuchoka. Kuijua hali hiyo kabla ya kazi kuanza kunahitaji fedha zake maalumu, na fedha hizo mwananchi ana haki ya kuziulizia.

Uchunguzi huhusisha nini?

Uchunguzi wa jengo si kupita vyumbani na kuhesabu nyufa. Wataalamu hupima jengo zima na kulichora. Hukagua msingi, paa na njia za maji ya mvua. Hupima unyevu wa kuta na uzima wa boriti. Mwishowe hutoa taarifa inayoeleza kipi kiegemezwe mara moja, kipi chaweza kungoja, na kila hatua itagharimu kiasi gani.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake za juu hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hupumua, yaani unyevu unaoingia hupata njia ya kutoka. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza pasipo mtu kuona. Jumba la Maajabu, kwa upande wake, lina pia nguzo na mihimili ya chuma, na adui mkubwa wa chuma karibu na bahari ni kutu. Kwa hiyo dawa ya jengo hili si lazima iwe dawa ya jengo lile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ufa uliozibwa kabla ya kujulikana chanzo chake hufunguka tena.

Kwa nini fedha zake hupatikana kwa shida?

Ukarabati huonekana kwa macho: rangi mpya, milango iliyorudishiwa nakshi, sherehe ya ufunguzi. Uchunguzi huacha taarifa na michoro tu, na kwa sababu hiyo ni rahisi fungu lake kukatwa. Lakini bila uchunguzi, makadirio ya gharama huwa ni kubahatisha. Mkandarasi akifungua ukuta na kukuta boriti zimeoza, gharama hupanda katikati ya kazi. Fedha zisipoongezwa, kazi husimama na mvua huingia ndani ya jengo lililo wazi.

Fedha za uchunguzi zaweza kutoka katika bajeti ya serikali, kwa wafadhili, kwa mwenye nyumba, au katika mapato ya wakfu pale nyumba inapokuwa ya wakfu. Zanzibar ina mamlaka maalumu ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe tangu mwaka 1985. Mpango wa uhifadhi wa mwaka 1994 ulitanguliwa na ukaguzi wa majengo ya mji, na mwaka 2000 mji uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Maswali ya kuuliza

Mradi wa kukarabati soko, skuli au jengo la kale unapotangazwa katika mtaa wako, tunakushauri uulize:

1. Je, uchunguzi umetengewa fungu lake, mbali na fungu la ujenzi?
2. Aliyeufanya ana maslahi yoyote katika zabuni ya ukarabati?
3. Taarifa ni ya lini? Ikiwa imekaa kabatini kwa masika kadhaa, imehuishwa?
4. Imeeleza namna ya kuwalinda mafundi, wapangaji na wapita njia wakati wa kazi?
5. Imetengwa akiba kwa ajili ya kasoro zitakazogunduliwa baadaye?
6. Nani atalipia matunzo baada ya ukarabati?

Wewe unayeishi au kufanya biashara ndani ya jengo kongwe

Usisubiri mradi. Ufa unaopanuka, mlango ulioanza kukwama ghafla au sakafu inayobonyea ni ishara za hatari. Ziandike pamoja na tarehe, upige picha, kisha upeleke taarifa kwa maandishi kwa mwenye nyumba na kwa mamlaka husika, nawe ubaki na nakala. Usivunje ukuta wala kuweka tangi la maji juu ya paa kabla ya kupata kibali na ushauri wa mtaalamu. Sehemu ikionekana inataka kuanguka, ondokeni humo kwanza, kisha mtoe taarifa. Kumbukumbu zako zitamsaidia mchunguzi atakapofika, kwani wewe ndiwe uliyeliona jengo hilo kila siku.