Kompyuta Kuukuu Haijafa, Usikimbilie Kuitupa



Mpwa wangu wa Likoni alinipigia simu usiku akitaka kulia. Fomu ya kuombea chuo ilikuwa ifungwe kesho yake saa sita usiku, na kompyuta yao ya nyumbani ilikataa kufungua tovuti yoyote. "Mjomba, kila nikijaribu inaniambia saa yangu iko nyuma." Mchana wa siku hiyo alikuwa amebeba lile kasha, ambalo wengi wetu huliita sipiyu, akavuka nalo feri hadi kwa fundi mmoja mjini. Fundi hakuligusa hata parafujo. Aliliwasha, akaona Windows 7, akamwambia: hii tupa, ninayo nyingine hapa nikuuzie.

Nikamwuliza kwa nini hakwenda saiba. Akaniambia saiba ameshakwenda mara nyingi, na kila akienda yule kijana wa pale humtaka ampe nywila yake ya eCitizen "ili amfanyie haraka". Mamake amemkataza. Nami namwunga mkono mamake, maana mwenye nywila hiyo ana ufunguo wa mambo yako yote na serikali. Hii ndiyo sababu naona kompyuta ya nyumbani, hata iwe kuukuu, ina thamani yake: unajaza mambo yako mwenyewe, mlango umefungwa.

Kwa kauli ile ya saa kuwa nyuma nilishajua la kufanya. Mimi nakaa Kisauni. Kesho yake nilipotoka kazini nilipita mjini nikanunua betri moja ndogo, kisha nikavuka.

Kabla sijaeleza hiyo betri, nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1999 nilikuwa nasomea diploma, na kwa binamu yangu Changamwe kulikuwa na kompyuta ya Windows 95. Intaneti ya wakati huo ilikuwa ya kupiga simu. Unachomeka modemu kwenye laini ya simu ya mezani, inapiga namba, inalia kama paka aliyekanyagwa, ndipo unaingia. Shangazi akinyanyua simu ya chumba cha pili, mtandao umekatika, unaanza upya. Modemu bora kabisa ilikuwa ya kilobiti 56 kwa sekunde, na hata ikienda kwa kasi hiyo yote, faili la megabaiti moja lilitaka zaidi ya dakika mbili.

Mashine ile nayo tuliambiwa imezeeka. Mwanafunzi mwenzangu akatuletea disketi zenye nyongeza ya Microsoft iitwayo Dial-Up Networking 1.3. Ilibadilisha ile sehemu tu ya Windows 95 inayozungumza na mtandao. Hatukununua kumbukumbu wala diski mpya. Tulipomaliza, kompyuta ile ile iliyokuwa ikikatika katika kila dakika chache ikatulia, na tukaitumia miaka mingine miwili.

Msomaji utasema hayo ni ya kale. Sivyo. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo Kenya nzima ilitegemea setilaiti. Lakini katika vichochoro vingi vya Likoni, Kisauni na Changamwe kompyuta bado hupata mtandao kwa modemu ya USB yenye laini ya simu ndani yake. Na modemu hiyo, fungua mipangilio yake uone, bado inapiga simu! Namba yake ni *99#. Windows huiona kama modemu ya zamani na hutumia taratibu zile zile za kupiga namba. Kwa hiyo ikiwa programu iliyokuja na modemu yako imegoma, huihitaji. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, tengeneza muunganisho mpya wa kupiga simu, andika *99#, na uhakikishe modemu imewekewa jina la lango la kampuni yako ya simu, lile linaloitwa APN. Kwa Safaricom ni neno safaricom. Kwa mpwa wangu sehemu hii ilikuwa sawa, modemu ilikuwa inaingia vizuri. Tatizo lilianzia mbele yake.

Sasa tuje kwenye saa. Tovuti yenye alama ya kufuli huonyesha cheti kila unapoifungua, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Fikiria askari wa geti la bandari anayekagua pasi akiwa na kalenda ya miaka kumi na tano iliyopita. Kila dereva atamrudisha, kwa sababu kwa hesabu yake pasi zote bado hazijaanza kutumika. Ndivyo ilivyokuwa kompyuta ile. Ndani ya kasha mna betri ya mviringo kama sarafu, imeandikwa CR2032, ambayo huilinda saa umeme ukizimwa. Ikifa, kila ukiwasha unarudishwa tarehe ya kiwandani. Ya mpwa wangu ilirudi 1 Januari 2010. Tulichomoa waya wa umeme, tukafungua kasha, tukabadilisha betri, tukaweka saa na tarehe. Ni kazi ya dakika kumi, na betri yenyewe ni ile ile ya rimoti za magari.

Baada ya hapo nusu ya tovuti zikafunguka. Nusu nyingine zikaendelea kulalamika kwamba muunganisho si salama, na hapa ndipo watu wengi huamini maneno ya yule fundi.

Mambo mawili hufanya hivyo. La kwanza, kompyuta ina orodha ya wadhamini inaowaamini kutoa vyeti, na orodha hiyo huchakaa. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha mdhamini, kilichotegemewa na tovuti nyingi mno duniani, kilifikia mwisho. Mashine ambazo hazikuwa na cheti cha mrithi wake zikaanza kuzikataa tovuti ambazo hazina kosa lolote. La pili ni lugha ya siri ambayo kompyuta na tovuti huamkiana kwayo, iitwayo TLS. Toleo la 1.0 ni la mwaka 1999, la 1.2 ni la 2008, la 1.3 ni la 2018. Tovuti nyingi za leo hazijibu tena salamu ya matoleo ya mwanzo. Ukibisha hodi kwa TLS 1.0, hupati karibu.

Dawa ya yote mawili ni kubadilisha kivinjari, na si kila kivinjari kinafaa. Chrome iliacha Windows 7 mwaka 2023, toleo la mwisho likiwa 109. Firefox 115, ile ya msaada wa muda mrefu ambayo huandikwa ESR, inafanya kazi kwenye Windows 7, na Mozilla waliendelea kuitolea viraka baada ya Chrome kuondoka. Uzuri wake mkubwa ni kwamba Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya wadhamini na lugha yake yenyewe ya TLS, haiombi chochote kwa Windows. Niliipakua kwa simu yangu kutoka tovuti ya Mozilla yenyewe, nikaihamisha kwa waya. Usiitafute kwenye vitovuti vya kubahatisha, utaletewa na virusi juu yake. Na lile onyo la muunganisho usio salama usilipuuze ukabonyeza kuendelea, hasa mahali utakapoandika nywila. Heri usubiri mpaka chanzo chake kijulikane.

Nisiwadanganye pia. Windows 7 yenyewe iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, na hata Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Firefox mpya haizibi matundu ya Windows ya chini yake. Nilimwambia mpwa wangu mambo ya benki asiyafanye humo, na asifungue flashi za watu ovyo ovyo. Mwenye Windows XP hali yake ni ngumu zaidi, kwani Firefox iliiacha mwaka 2018. Huyo namshauri aiondoe Windows kabisa aweke Linux, na kwa mashine za zamani za biti 32 atafute Debian 12, maana Debian 13 imeziacha kwenye usakinishaji. Ni bure, lakini ahifadhi picha na nyaraka zake kwanza, kwa kuwa diski inafutwa.

Kuhusu bando, kwenye Windows 7 ingia mahali pa masasisho uchague uulizwe kwanza kabla ya kupakua. Usipofanya hivyo utanunua MB asubuhi, na adhana ya Adhuhuri itakukuta huna hata moja.

Tulimaliza Firefox baada ya Isha. Mpwa wangu akaandika nywila yake mwenyewe, nami nikageukia dirishani asije akaniambia na mimi ni kijana wa saiba. Fomu iliingia saa tano kasoro robo usiku. Akapiga picha ile skrini ya uthibitisho kwa simu, akamwamsha mamake aione. Mimi nikatoka kuwahi feri.