Mvua ya milimani, maji ya bondeni: Kwa nini Ruaha Mbuyuni inahitaji wapima mvua

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya huitambua Ruaha Mbuyuni kwa mambo mawili: mibuyu na vitunguu. Basi likishavuka daraja la Mto Ruaha Mkuu, ambao hapo ni mpaka wa mikoa ya Morogoro na Iringa, wachuuzi huonekana kandokando ya barabara na mashamba ya umwagiliaji hutanda bondeni.

Jambo la tatu si rahisi kuonekana kutoka dirishani mwa basi. Maji yanayostawisha vitunguu hivyo, na ambayo siku nyingine huvisomba, kwa sehemu kubwa hayatokani na mvua inayonyesha hapo.

Ruaha Mbuyuni, iliyopo wilayani Kilolo, ni sehemu ya joto na kame, kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Lakini mwendo mfupi tu kutoka hapo, ng'ambo ya mteremko maarufu wa Kitonga, nchi hupanda hadi kupita mita 1,600. Milima ya Udzungwa, ambayo kilele chake kirefu cha Luhombero kina mita 2,576, huzuia upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi. Upepo huo hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Ukishavuka milima na kuteremka upande wa pili, huwa umekwisha kuacha sehemu kubwa ya maji yake.

Ndiyo maana katika mkoa mmoja wa Iringa maeneo ya tambarare hupata kati ya milimita 500 na 600 za mvua kwa mwaka, ilhali maeneo ya milimani hupata kati ya milimita 1,000 na 1,600. Mbeya tofauti ni kubwa zaidi. Miteremko ya kusini mashariki ya Mlima Rungwe, inayopokea upepo wa Ziwa Nyasa, inaweza kupata milimita zinazokaribia 3,000 kwa mwaka, wakati bonde la Usangu, upande wa pili wa safu hiyo ya milima, hupata chini ya theluthi moja ya kiasi hicho.

Kwa sababu hiyo, mkulima wa Ruaha Mbuyuni anaweza kuamka chini ya anga jeupe na kukuta mto umejaa. Mvua iliyoujaza ilinyesha usiku, milimani, mahali asipopaona.

Maji kutoka pande mbili

Bonde hilo hupokea maji kutoka pande mbili, na kila upande una tabia yake.

Upande wa kwanza ni Ruaha Mkuu wenyewe. Mto huo huanzia katika milima ya Kipengere na Uporoto, hukusanya maji ya mito ya Usangu kama Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha huingia katika bwawa la Mtera. Hapo mwendo wa maji hutawaliwa na binadamu. Bwawa hilo, ambalo kina chake cha juu ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari na cha chini kwa uzalishaji wa umeme ni mita 690, huhifadhi maji kwa ajili ya mitambo ya Mtera yenyewe na ile ya Kidatu iliyo mbele. Umuhimu wake ulidhihirika wakati wa ukame wa mwaka 2006, kina kiliposhuka na nchi ikaingia katika mgawo mkali wa umeme.

Upande wa pili ni Mto Lukosi. Huu hutoka katika milima ya Kilolo, huteremka sambamba na barabara kuu kupitia Mahenge na Mtandika, na kuungana na Ruaha Mkuu katika bonde hilohilo. Hauna bwawa kubwa la kuutuliza kama Mtera. Mvua ikinyesha kwa nguvu katika vyanzo vyake, maji huteremka kwa kasi ya mlima.

Maji ya Mtera yana wasimamizi, na kina chake hupimwa na kutangazwa. Lakini mvua ya Lukosi itajulikana mapema tu endapo kuna mtu huko juu aliyeipima.

Milimita moja ni maji kiasi gani?

Wengi husikia katika taarifa ya habari kwamba zimenyesha "milimita 50" bila kupata picha yake. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Katika hekta moja ni lita 10,000, na katika kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja.

Tuchukue bonde la mlimani lenye ukubwa wa kilomita za mraba 100. Zikinyesha milimita 50 kwa siku moja, bonde hilo limepokea lita bilioni tano. Hata kama sehemu nne kati ya tano zitanywewa na udongo na mimea, lita bilioni moja zitatafuta njia ya kuteremka.

Si bahati mbaya kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huita "mvua kubwa" ile inayozidi milimita 50 katika saa 24. Katika nchi ya milima, kiwango hicho ndicho kinachoanza kutishia madaraja, mashamba na makazi.

Miaka ya karibuni imetoa mifano ya kutosha. Desemba 3, 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, yaliukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Aprili 14, 2024 sehemu ya Mlima Kawetere iliporomoka katika kata ya Itezi, jijini Mbeya, na tope likafukia nyumba. Siku 11 baadaye, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikwishasababisha vifo vya watu 155 nchini.

Kwa nini setilaiti haitoshi

Msomaji anaweza kuuliza: katika zama za setilaiti, mtu na kopo lake shambani ana kazi gani?

Jibu ni kwamba mlima huficha mambo. Setilaiti nyingi hukadiria mvua kwa kuangalia jinsi vilele vya mawingu vilivyo baridi. Mvua nyingi za milimani hutoka katika mawingu mafupi, yenye vilele visivyo baridi sana, hivyo chombo kilichopo angani kinaweza kuziona ni kidogo kuliko zilivyo. Rada nayo, ambayo TMA imekuwa ikizifunga katika kanda mbalimbali ikiwemo Mbeya, huona mbali lakini mawimbi yake hayapiti ndani ya mlima. Vyombo vyote viwili huhitaji kusahihishwa kwa kipimo cha ardhini.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) linapendekeza kuwa katika maeneo ya milima kuwe na angalau kipima mvua kimoja kwa kila kilomita za mraba 250, wakati katika tambarare za bara kimoja kwa kilomita za mraba 575 hutosha. Kwa hesabu ya milima, wilaya kama Kilolo, yenye zaidi ya kilomita za mraba 7,800, ingehitaji vipima mvua vipatavyo 30.

Mtandao wa namna hiyo hauwezi kuendeshwa na watumishi wa serikali peke yao. Tangu enzi za Wajerumani, upimaji wa mvua katika nchi hii umetegemea pia watu wenye kazi nyingine: wamisionari, maofisa wa maboma, mameneja wa mashamba ya chai, walimu na watafiti wa kilimo. Mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe yasingeweza kupanga uchumaji bila kujua mvua ya jana, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, hakiwezi kupima mbegu bila kujua zilinyeshewa kiasi gani.

Theluji au mvua ya mawe?

Wapenzi wa hali ya hewa katika Nyanda za Juu Kusini hukutana mara kwa mara na swali moja: je, huku huanguka theluji? Picha za ardhi iliyogeuka nyeupe husambaa, na wengi huandika kwamba ni theluji.

Ukweli ni kwamba hewa ya ukanda wetu hufikia nyuzi sifuri za Selsiasi kwenye urefu wa kati ya mita 4,500 na 5,000 hivi. Mlima Rungwe hauzidi mita 3,000. Weupe unaoonekana Mbeya, Makete au Njombe kwa kawaida ni mmoja kati ya vitu viwili: mvua ya mawe, ambayo ni barafu iliyoganda ndani ya mawingu marefu ya radi ikaanguka kabla ya kuyeyuka, au sakitu, yaani umande ulioganda juu ya majani katika usiku mkavu na wa baridi wa Juni na Julai, kama ilivyo katika uwanda wa Kitulo.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Mvua ya mawe huja wakati wa masika na hupasua majani ya mahindi na chai. Sakitu huja kiangazi na huunguza viazi. Atakayeandika "theluji" kwa yote mawili hatamsaidia mkulima.

Theluji ya kweli nchini ni ya Kilimanjaro. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walifunga mtambo wa kujiendesha juu ya barafu ya Kibo mwaka 2000, ukipima pamoja na mengine jinsi uso wa theluji unavyopanda na kushuka. Barafu ya mlima huo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 11.4 mwaka 1912. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki 1.76 tu.

Jinsi ya kupima

Kipima mvua cha kawaida ni chombo cha duara chenye mdomo wa sentimita 12.7, faneli na chupa ndani yake, kilichosimikwa ili mdomo uwe sentimita 30 juu ya ardhi. Asiye nacho anaweza kuanza na chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka. Hukatwa sehemu ya juu, ambayo hugeuzwa kuwa faneli; kitako hujazwa kokoto na maji hadi kwenye alama ya sifuri; kisha rula hubandikwa ubavuni.

Mahali pa kukiweka ni muhimu kuliko chombo chenyewe. Kisiwe chini ya mti wala karibu na ukuta. Umbali wake kutoka kwenye kizuizi uwe angalau mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, kisha kimwagwe. Mawe ya barafu yakiangukia ndani, yaachwe yayeyuke na yahesabiwe kama mvua, na pembeni iandikwe kuwa ilikuwa mvua ya mawe.

Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri. Nafasi iliyoachwa wazi haimwambii msomaji iwapo hapakunyesha au mpimaji hakuwepo. Na aliyekosa siku tatu asigawanye maji aliyoyakuta kwa tatu. Aandike kuwa ni jumla ya siku tatu.

Hapo ndipo shule zetu zinapokwama. Nyingi zina vipima mvua kwa ajili ya somo la Jiografia, lakini vitabu vyake hukatika shule zinapofungwa Desemba. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, ukanda mvua unapoteremka kusini na kurudi. Maana yake ni kwamba kumbukumbu hukosekana katika kipindi ambacho mvua inaweza kuwa kubwa kuliko zote. Mlinzi wa shule, au mzazi anayeishi jirani, akikabidhiwa daftari kwa wiki hizo, pengo hilo litazibika bila gharama.

Lipo pia suala la sheria. Sheria ya TMA ya mwaka 2019 imeiachia Mamlaka hiyo jukumu la kutoa utabiri na tahadhari, na vituo vya kupima hali ya hewa vinapaswa kutambuliwa nayo. Kupima si kutabiri. Mpimaji wa kujitolea anasema kilichonyesha. Kinachofuata kinasemwa na wenye dhamana. Anayetaka takwimu zake zitumike aanze kwa kuwasiliana na ofisi ya TMA iliyo karibu naye, au Bodi ya Maji Bonde la Rufiji yenye makao yake Iringa.

Zamani kadi za mvua zilikusanywa kwa mwezi na kutumwa kwa posta. Zilifaa kwa takwimu, hazikufaa kwa kuokoa shamba. Leo kijiji cha mlimani Kilolo kinaweza kutuma kipimo chake kwa simu dakika ile ile kinaposomwa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mkulima wa Ruaha Mbuyuni, ambaye mawingu hayo yamefichwa na milima, dalili ya mafuriko inaweza kuwa tarakimu moja iliyoandikwa na mtu asiyemfahamu, saa chache kabla maji hayajafika.