Barua ya ndugu na barua ya biro haiko moya

Wengi wetu tunajua kuandika barua. Shida ni kujua unaandikia nani.

Tuwaze mutumishi mumoja wa mugodi ku Kolwezi. Mwisho wa mwezi anaangalia «fiche de paie» yake, anaona masaa ya kuzidi hayamo. Anakamata karatasi, anaandikia shefu wa personeli: «Jambo sana baba. Huku ku nyumba tuko wazima, paka bibi njo alikuwa mugonjwa wa malaria, lakini amepona. Tena baba, utuangalieko na ku ile mambo ya feza.» Hakutia tarehe, hakutia matricule, hakusema ni mwezi gani. Shefu anasoma, anasikia huruma, anaiweka pembeni. Masaa yanapotea.

Barua ile haikuwa mbaya. Kama angeituma kwa kaka yake ku Kasumbalesa, ingekuwa ya heshima kabisa. Ku ndugu, muntu anakuja kwanza, mambo inafuata. Ukiomba feza mbele ya kuuliza afya ya mama, watasema mutoto huyu hana adabu. Ku biro ni kinyume: mambo inakuja kwanza, juu barua itaingia mu dosie, na kesho itasomwa na muntu asiyekujua.

Kwa hiyo andika hivi. Juu: jina lako, matricule, pahali unapotumika, na tarehe. Chini yake, cheo cha ule unayemuandikia. Kisha mustari wa «Objet»: «Heures supplémentaires du mois de mars». Barua moja, jambo moja. Sema siku gani, masaa ngapi, na unaomba nini. Usitukane, usilie. Maliza na salamu fupi na sahihi. Fanya kopi mbili: moja inabaki kwao, ingine wakurudishie na kashe na tarehe ya kupokea.

E-mail ya kazi ni barua vilevile. Usiache «Objet» wazi, usiandike «bjr chef» sawa vile ku WhatsApp. Tia picha ya «fiche de paie», na usifute ile uliyotuma.

Mara nyingi barua ya biro inaandikwa mu Kifaransa. Kama haukijui muzuri, mutoto wa masomo akuandikie. Lakini akusomee yote mu Kiswahili mbele ya kutia sahihi: sahihi ni yako, haiko yake.

Sheria ya kazi ya 2002 inasema shauri la kazi haliingii ku tribunali kama halijapita kwanza kwa «Inspecteur du Travail», ajaribu kupatanisha. Naye atauliza: karatasi iko wapi?

Basi, ile kopi ya kashe usifungie nayo karanga. Iweke pamoja na kontra yako, na bibi ajue pahali iko.