Nguvu za Mwili Huanza Kidogo Kidogo

Katika Sura ya Al-Qasas twasoma habari za Nabii Musa (A.S.) alipofika kisimani Madyani, akawanyweshea wanyama mabinti wawili waliokuwa wakingoja wachungaji waondoke. Mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri mgeni yule kwa sifa mbili: ana nguvu, tena ni mwaminifu. Uaminifu twaufundisha madrasani kila siku. Nguvu je, nani huzifundisha?

Watu wa Handeni hawahitaji kuelezwa uzito wa maji. Nchi yao ina ukame, na maji ya bomba huvutwa mbali, kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mama zetu wameibeba kichwani miaka na miaka. Huko Korogwe nako, baba zetu walikata mkonge mashambani na kuubeba matita kwa matita. Hawakuwa na haja ya kuhimizwa mazoezi. Lakini siku hizi mashine husaga mahindi, pikipiki hutufikisha sokoni, na fundi cherehani, mwenye duka, mwanafunzi na mwalimu hukaa kitako kutwa. Mwili usiobeba kitu husahau kubeba. Mtu hatambui hilo mpaka siku anapoinuka kutoka sijida akatafuta ukuta wa kushika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi kwa juma, mbali na kutembea kwa haraka au kazi nyingine ya mwili kwa dakika 150 hadi 300. Hapo ndipo tunaposikia udhuru mwingi.

Wa kwanza husema, “Mimi nimekwisha zeeka.” Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza habari za wazee wa miaka 86 hadi 96 waliofanya mazoezi ya uzito kwa majuma 8. Nguvu za miguu yao, kwa wastani, zilizidi maradufu. Wa pili husema, “Mimi nalima, yatosha.” Kulima ni kazi njema ya mwili, lakini jembe huuinamisha mgongo kwa namna ile ile, na mavuno yakiisha mkulima naye hukaa. Wa tatu husema, “Sina vyuma.” Madumu mawili ya lita 5 yanatosha, nayo yaweza kujazwa nusu kwanza. Wa nne, na hao ndio wengi, huogopa kuchekwa. Huyo na aanze uani kwake. Akina mama nao watapata hapo sitara yao. Kila anyanyuaye kizito leo alianza na chepesi.

Basi chagueni siku mbili, kama Jumamosi na Jumanne, ili mwili upumzike katikati. Tembeeni dakika 5 mwili upate moto. Kisha kaa kitini na kuinuka mara 8 bila kujishika. Jisukume ukutani kwa mikono mara 8. Inua madumu kutoka chini mara 8, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Pumzika kidogo, urudie mara moja. Usizuie pumzi. Mara 12 zikiwa nyepesi, ongeza lita moja ya maji. Maumivu madogo ya misuli kwa siku moja au mbili si ugonjwa. Lakini maumivu makali, au ya kifua, ni amri ya kuacha mara moja na kwenda hospitali. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu, na mama mja mzito, wamwulize daktari kwanza.

Ndugu wasomaji, wengi huanza kwa pupa, wakaumia juma la kwanza na kuacha juma la pili. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo. Tukiupa mwili nusu saa mara mbili kwa juma, mwaka hata mwaka, twatumaini kwa idhini yake Mola kufika uzeeni tukirukuu, tukisujudu na kusimama kwa miguu yetu wenyewe. Na watoto wakimwona baba au mama akiinua dumu uani, hawatasubiri kuambiwa.